Swichi ya -p ilivyonipotezea jioni nzima

Programu yenyewe ni ndogo, niliiandika kwa C. Inabisha hodi kwenye poti 0x2e (0x ni alama ya namba za besi 16), inaiuliza chipu ya Super I/O namba yake, inaandika jibu. Hiyo ndiyo chipu inayobeba poti za siriali, kibodi ya PS/2 na, kwenye bodi nyingi, feni na vipima joto. Ukishaijua, huna haja ya kumulika tochi kusoma maandishi yaliyofifia.

Shida ni kwamba chipu nyingine husikiliza 0x4e. Kila nikikutana na bodi ya namna hiyo nabadilisha namba ndani ya msimbo, nakompaili upya. Nikachoka, nikaingiza getopt, kitendakazi cha C kinachosoma swichi zinazoandikwa baada ya jina la programu, na herufi "hdp:": -h ya msaada, -d ya kumwaga rejista zote (visanduku vidogo vya namba ndani ya chipu), -p ya kuchagua poti.

Ile nukta pacha baada ya p ndiyo inayosema swichi hii inafuatwa na thamani. Mwanzoni niliisahau, programu ikaanguka papo hapo. Kosa la namna hiyo silichukii, linapiga kelele.

Lililofuata lilikaa kimya. Natoa -p 0x4e, najibiwa "hakuna chipu", na chipu yenyewe, IT8712F, naiona kwa macho pale kwenye bodi! Nikashuku mfuatano wa kuifungulia: 0x87, 0x01, 0x55, 0xaa. Uko sawa. Nikashuku bodi. Usiku umeshaingia ndipo nikaiambia programu ichapishe poti inayoitumia. Ikachapisha 0.

Kumbe nilitumia atoi, inayogeuza maandishi kuwa namba lakini kwa besi 10 tu. Imesoma sifuri, imekutana na x, imeishia hapo. Muda wote nilikuwa nagonga mlango wa jirani, maana poti 0 ni ya kidhibiti cha DMA, kinachohamisha data bila kupitia prosesa. Bahati mashine haikuganda. Nikaweka strtol, kitendakazi kingine cha kazi hiyohiyo, yenye besi 0, ambayo inaielewa 0x, na sasa programu inakataa poti yoyote isiyo 0x2e au 0x4e.

Kero ya mwisho: hata -h ilidai sudo (kuendesha programu kama ruti, msimamizi wa mfumo), kwa kuwa iopl, inayoomba ruhusa ya kugusa poti, niliiita mstari wa kwanza kabisa wa main, pale programu inapoanzia. Kuomba msaada tu mpaka uwe ruti? Nikaishusha chini ya getopt.

Kisha: sudo ./tambua -d -p 0x4e. Kwenye rejista 0x20 na 0x21 zikatokea 87 na 12: namba ya IT8712F.