Habari za saa moja usiku

Dishi letu limelala chali juu ya bati, uso mbinguni. Madishi ya ndugu zangu walioko Ulaya, kwa picha wanazonitumia, yanatazama upeoni, juu kidogo ya paa la jirani. La kwetu haliwezi: setilaiti tunayoitumia iko nyuzi 36 mashariki na Moshi iko nyuzi 37 na kitu, maana yake tunaishi karibu chini yake kabisa. Fundi alivyonieleza hivyo nikaelewa kwa nini linapokea kila kitu, pamoja na majani ya mwembe na vinyesi vya kunguru. Masika yakikolea, wingu likawa zito, picha inaganda, mdomo wa mtangazaji unabaki wazi, halafu anakatika vipande vipande na kupotea. Mvua ya hapa haina huruma na taarifa ya habari.

Mimi ni wa Voi, Kenya, nimeolewa Moshi, Tanzania. Nikipanda gari nikashuka Himo, nikaunga hadi Holili, tayari niko mpakani, na ng'ambo ni Taveta. Lakini mtangazaji aliyeketi Nairobi hawezi kunifikia kwa njia hiyo. Picha yake inapanda angani kama kilomita 36,000, kisha inashuka tena kiasi hichohicho hadi kwenye bati letu. Kilomita zaidi ya 70,000 kuvuka mpaka ambao wauza ndizi wanauvuka kwa miguu!

Nyumba hii habari ni saa mbili usiku, na ugali unasongwa kwa hesabu hiyo. Kwetu habari za Kiswahili ni saa moja, za Kiingereza saa tatu. Kwa hiyo ninayo saa nzima ambayo sebule ni ya Kenya kabla haijarudi Tanzania, na watoto wanajua rimoti haiguswi.

Cha ajabu, wanasiasa sina hamu nao. Wakianza kurushiana maneno naenda kukatakata mboga. Ninachorudia mbio ni matangazo ya biashara, yale ambayo mume wangu anayaona kero. Likija tangazo la unga wa pakiti ya kilo mbili, mikono yangu inaijua pakiti ile: ile karatasi iliyokunjwa juu, unavyoipasua kwa kidole na unga kidogo unakurukia kifuani. Huku nanunua sembe kwa kupimiwa, tena nzuri, silalamiki. Ila tangazo lile linamsemesha mtu aliyesimama dukani Voi, na kwa nusu dakika nakuwa mimi. Hali ya hewa ni vivyo hivyo. Nasubiri ramani ifike Pwani nione kama mama amepata mvua ya kupandia, ingawa ningeweza kumpigia simu tu.

Mpira ndio hatupati. Haki za kuonyesha mechi zinauzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo chaneli ileile inayotuletea habari inaweza kuzibwa uso mechi ikianza, ukaachiwa maandishi ya kuomba radhi. Kwa setilaiti ileile, dishi lilelile, jioni ileile.

Agosti 2022 ndiyo iliyoijaza sebule. Wakenya walipiga kura ya rais tarehe 9, matokeo yakatangazwa ukumbi wa Bomas, Nairobi, tarehe 15, na siku zote za katikati hatukulala vizuri. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeweka fomu 34A za matokeo mtandaoni, anayetaka ajumlishe mwenyewe, na kila stesheni ikawa na hesabu yake. Mimi natazama hii, kaka yangu Voi anatazama ile.

"Wewe uko na ngapi?" ananipigia.

Namtajia.

"Aa, hao wako nyuma. Badilisha."

Nibadilishe niweke nini, nami nina chaneli moja? Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuja jioni ya kwanza kusalimia akawa anarudi kila siku na daftari. Alitaka kujua tofauti ya 34A na 34B, nikamweleza kwamba moja ni ya kituo na nyingine ya jimbo, akaandika. Siku ya kutangazwa mshindi umeme ulikatika, tukahamia kwenye simu. Picha ya intaneti inachelewa, nayo setilaiti na bando havichelewi sawasawa, basi kelele za kaka zilinifikia kabla Chebukati, mwenyekiti wa tume, hajafika kwenye jina la mshindi. Mwalimu alinikasirikia mimi.

Mama mkwe peke yake hakuona jipya. Yeye ni wa Rombo, huku Kilimanjaro mpakani na Kenya. Tanzania Bara hapakuwa na stesheni ya televisheni hadi mwaka 1994; Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, lakini Zanzibar na Rombo wapi na wapi. Anasema kijijini kwao mzee mmoja alikuwa na televisheni ya betri na antena juu ya bomba refu, imeelekezwa Kenya, na kijana mmoja kazi yake ilikuwa kuzungusha bomba huku ndani wanapiga kelele: imekuja, imeondoka, rudisha!

"Tulikuwa tunawaangalia nyinyi kwenye chenga, mama Gladness," aliniambia. "Hali ya hewa ya Kisumu naijua tangu niko mwali."

Siku hizi hata hizo chenga hakuna. Analojia ilizimwa huku mwaka 2013, kwetu 2015, na mawimbi ya dijitali karibu hayana nusunusu: unapata picha safi au, ikishaganda kidogo, unapata kioo cheusi. Zile za zamani zilikuwa zinavuja mpakani bila kuulizwa kadi wala malipo. Sasa lazima mtu akuuzie.

Na anayetuuzia sisi ameihamishia chaneli yetu ya Kenya kwenye kifurushi cha juu. Tulipiga simu, tukaambiwa tuboreshe huduma. Baba Gladness anasema nitazame kwenye simu, lakini bando la mwezi mzima nalo lina bei yake, na saa moja usiku simu ndiyo hiyohiyo inayopigiwa na wateja wake. Kwa hiyo nimeamua kuacha, ila mwezi wa nane 2027, Kenya ikipiga kura tena, nitalipia hata kwa kukopa kwenye vikoba. Mwalimu keshaniuliza kama fomu zitawekwa mtandaoni tena, na daftari amenunua jipya.