Herufi ya kwanza ya DEMA

Mkaza mjomba alinikabidhi diski ikiwa imeviringishwa kwenye leso, imepigwa mafundo mawili. "Mwanangu, maneno ya mjombako yamo humu," akasema. "Hebu tazama kama yatatoka."

Ni diski ya mwaka 1993, ya MB 170. Picha arobaini za simu yangu zingeijaza. Lakini mjomba aliiandikia usiku baada ya usiku, kwa programu ya kuandikia ya WordPerfect 5.1, akikusanya msamiati wa wavuvi wa Mombasa: majina ya samaki, viungo vya chombo, pepo kama matlai na umande. Wengi waliompa maneno hayo wameshatangulia mbele ya haki, na yeye pia.

Sikuiwasha siku ile. Miaka ya nyuma jirani aliniletea diski ya namna hii, nikaichomeka kwenye Windows, ikaniuliza kama nataka irekebishwe, nikakubali. Nilichopata ni folda iliyojaa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mfululizo, na ndani yake barua za marehemu mumewe vipande vipande. Lile bado linaniuma. Tangu hapo sifungui faili hata moja kabla diski nzima haijanakiliwa, sekta kwa sekta, yaani kila kijisehemu chake kimoja kimoja, ikawa faili moja kubwa. Hiyo ndiyo imeji. Ukishakuwa nayo, kosa utakalofanya utalifanya juu ya nakala, na diski yenyewe inarudi kwenye leso.

Adapta ya USB haikuiona kabisa. Adapta nyingi huita sekta kwa namba moja mfululizo, hali diski nyingi za enzi hizo zinajua kuitwa kwa anwani ya sehemu tatu tu: silinda, kichwa na sekta. Nikazunguka kwa mafundi mpaka nikapata mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ya Pentium III yenye tundu la IDE la pini 40 la kuchomekea diski za zamani, nikaiwasha kwa Linux kutoka kwenye CD, nikaanzisha ddrescue. Naipenda sana programu hii. Husoma kwanza panaposomeka kwa urahisi, huruka panapokwama, kisha hurudi kwenye mabovu taratibu. Kila ilipofika hupaandika kwenye faili ya ramani, kwa hiyo umeme ukikatika unaanzia pale pale. Na umeme ulikatika, mara mbili.

Usiku diski ikaanza kugonga: tk, tk, tk, kimya, tk. Nikaizima ipoe, nikairudia alfajiri. Kati ya sekta 330,000 na ushei, kumi na moja zilikataa katakata. Kila moja ina baiti 512. Nikapiga hesabu ya SHA-256, namba ya kuhakikishia kwamba nakala haijabadilika, nikaiandika kwenye karatasi, nikaweka nakala tatu, moja kwa dada yangu Maskati.

Faili zilizoonekana nilizifungua kwa LibreOffice bila taabu. Kilichonishika ni kisichoonekana. DOS, mfumo ulioendesha kompyuta za enzi hizo, ikifuta faili haigusi maandishi. Hubadilisha tu herufi ya kwanza ya jina kuwa baiti E5, na kuhesabu nafasi ile kuwa iko wazi. Katika orodha nikakuta ?EMA.WP. Hema? Tema? Jina lilikuwa bado linaonyesha faili inaanzia wapi, nikaenda hapo ndani ya imeji: baiti FF, kisha WPC, ile saini ya WordPerfect. Mistari michache chini yake: DEMA.

Kurasa tisa za jinsi dema linavyofumwa, jina la kila ufito, na jinsi mlango wake unavyompitisha samaki kuingia usimpe njia ya kutoka. Sijui kwa nini aliifuta. Ningenakili faili tu, kama wengi tunavyofanya, nisingeipata, kwa sababu ilikuwa imelala mahali ambapo kompyuta inasema ni patupu. Kwa hiyo ukiwa na diski ya mzee wako kabatini, tafadhali usiburute faili kwenye fleshi ukadhani umemaliza. Chukua imeji yote, hata hizo sehemu tupu.

Nilimpigia mkaza mjomba nikamsomea. Alikuwa akinirekebisha matamshi hapa na pale. Mwishoni mwa ukurasa wa nne mjomba aliandika: "Haya nimepewa na mkwe, Shaabani 1414."

Mkwe ni babake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisome tena tangu mwanzo.