Bhutan: Dola Mia kwa Usiku, Tambuu Bure

Bhutan, kule milima ya Himalaya, haiendwi kwa kubahatisha. Kabla hujaona hata jiwe la nchi hiyo unalipa viza dola 40, na juu yake ada ya maendeleo, dola 100 kwa kila mtu kwa kila usiku. Hapo bado hujala, hujapata kitanda, hujapanda gari. Na ukitaka kutoka nje ya miji ya Paro na Thimphu lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni. Dada yangu anaishi Maskati na ndiye aliyeshika mfuko wa safari. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa akiigeuza ile mia kuwa riali, kisha kuwa shilingi ili na mimi iniume: kama laki mbili na nusu. Siku alipojua kwamba Mhindi analipa rupia 1,200 tu kwa usiku, chai haikunyweka.

Nilimwambia apunguze. Kwetu, kwenye lango la Kilimanjaro na la Ngorongoro, mzawa analipa kwa shilingi na mgeni kwa dola, na sijawahi kusikia mtu wa Tanga akimwonea huruma Mjerumani. Safari hii wageni ni sisi. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe hujalipa chochote, nyamaza." Nikanyamaza.

Tulikutana Delhi. Ukipanda ndege ya kwenda Paro kutoka hapo, omba kiti cha kushoto. Siku ya mbingu safi unaiona Himalaya yote imesimama, Everest ikiwemo. Sisi tuliona mawingu, maana tulikwenda Septemba, mvua za mwisho bado zinadondoka. Uwanja wa Paro uko bondeni, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, una njia moja, na ndege hutua mchana tu kwa macho ya rubani. Wanaoruhusiwa kutua hapo ni marubani wachache. Ndege ilipopinda kati ya vilima nikaona nyumba ya mtu usawa wa dirisha langu, pilipili nyekundu zimeanikwa juu ya paa. Dada alisoma dua zote anazozijua, na nyingine nadhani alizitunga palepale.

Kijana wetu wa kutuongoza alitupokea amevaa gho, lile vazi lao kama kanzu iliyopandishwa mpaka magotini na kufungwa mkanda, chini yake soksi ndefu nyeusi. Kifuani vazi hilo linafanya mfuko mkubwa kweli. Humo alikuwa na simu, karatasi zetu zote, chupa ya maji, na kitu kingine nilichokuja kukijua baadaye. Dereva naye vivyo hivyo. Wote wawili wanatuita "Madam", na hata tulipowaomba waseme Mama hawakuweza.

Thimphu sitaikalia sana. Ni mji mkuu usio na taa za kuongozea magari. Penye njia panda amesimama askari kwenye kibanda kilichonakshiwa, anayapitisha magari kwa mikono. Juu ya mlima kuna sanamu ya Buddha ya mita 51 na nusu, na ndani yake, walituambia, kuna sanamu ndogo 125,000. Dada aliuliza nani aliyezihesabu. Kijana akacheka kwa adabu.

Chakula ndicho kilichotushinda mwanzoni. Nyama hatukuthubutu kwa sababu ya uchinjaji, tukasema tutakula mboga. Mboga yao ya kwanza, ya pili na ya tatu ni pilipili. Inaitwa ema datshi, pilipili ndefu zilizopikwa ndani ya jibini, na inaliwa na wali mwekundu kama sisi tunavyokula mchicha. Mimi nimelelewa kwa achari na mbilimbi, lakini kijiko cha tatu nilikuwa nalia. Hotelini walikuwa wakitutengenezea mayai bila kuulizwa.

Barabara ya kwenda Punakha inapanda mpaka Dochula, pale inapovuka mgongo wa mlima, mita 3,100, penye stupa 108, vijumba vya ibada vya Kibuddha, zilizojengwa kuwakumbuka waliokufa kwenye vita vya Desemba 2003 dhidi ya waasi wa Assam, India, waliokuwa wamejichimbia misituni kusini. Ukungu ulikuwa mzito, tuliona kama kumi. Punakha yenyewe ni joto na mpunga, na ngome yake ya mwaka 1637 imekaa pale mito miwili, Pho Chhu na Mo Chhu, inapokutana. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona vya mbao. Karibu na hapo kuna kijiji cha mtawa mmoja wa zamani, Drukpa Kunley, aliyekuwa akihubiri kwa vichekesho na ufuska, na kwa heshima yake kuta za nyumba zimechorwa maumbile ya kiume, makubwa, yenye rangi, mengine yamefungwa utepe. Ni ya kufukuza husuda na kuleta uzazi. Kijana alieleza yote kwa utulivu wa mwalimu. Mimi na dada tuliangalia mpunga.

Sasa Phobjikha. Bonde hili liko karibu mita 3,000 na ndilo lililotutoa nyumbani, kwa sababu kwenye kipeperushi cha wakala picha ya kwanza ni ya makorongo wenye shingo nyeusi, mamia, wakiruka juu ya hekalu la Gangtey. Wenyeji husema ndege hao wakifika hulizunguka hekalu mara tatu kabla ya kutua, na bonde zima limefukia nyaya za umeme ardhini ili wasijigonge. Hayo sawa. Ila makorongo hao hutoka Tibet na kufika mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Septemba hakuna hata mmoja angani. Yupo aliyejeruhiwa, hawezi kuruka, anatunzwa kwenye kituo chao. Tulisimama mbele ya uzio tukamtazama naye akatutazama. Dada akamuuliza kijana kwa nini wakala alituuzia makorongo mwezi usio na makorongo. Akajibu kwamba yeye ni mwajiriwa tu, Madam, na kwamba viazi vya bonde hili ni maarufu sana. Ni kweli, viazi ni vizuri. Lakini viazi hata Lushoto vipo, na Lushoto nafika kwa basi.

Usiku ule mvua haikunyamaza. Kwenye chumba kulikuwa na jiko la kuni, na kuni za nyongeza tulilipia. Asubuhi tukaanza kurudi: mpango ni kulala Paro na kesho yake kupanda Taktsang, ile nyumba ya watawa iliyoning'inia kwenye jabali, ambayo ndiyo kila mtu huiendea Bhutan. Hatujafika mbali baada ya kijiji cha Nobding tukakuta foleni. Mlima ulikuwa umeshuka barabarani, udongo na miti na mawe, upana wa nyumba kadhaa. Upande wa juu mlima, upande wa chini mto. Katapila moja lilikuwa linakwangua, na kila likikwangua, mlima unaongeza. Kijana mwenye filimbi alikaa kando akiangalia juu. Akipuliza, kila mtu anakimbia.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Mimi nimezoea foleni za kwetu, mtu anapiga honi, anatukana, anapita pembeni, anakwama, anawakwamisha wengine. Hapa watu walizima magari na kushuka. Malori ya viazi yaliyokuwa yakielekea mnadani Phuentsholing, mpakani na India, madereva wake wakatandika turubai wakalala. Wanaume wakachora shabaha kwenye kibao na kuanza kurusha vile vishale vyao vizito, wakipatia wanaimba na kucheza kwa duara. Chupa za chai zikafunguliwa, chai ya siagi na chumvi. Nilipewa kikombe, nikakimaliza kwa kumwogopa Mungu.

Kando ya gari letu alikaa bibi mmoja juu ya jiwe, umri wa kumzaa mama yangu, nywele fupi kama za mvulana, midomo myekundu. Akatoa kifuko. Akatoa jani la tambuu. Akapaka chokaa kwa kidole, akaweka kipande cha popoo, akakunja, na kabla hajatia kinywani akaniona ninavyomkodolea macho.

Mimi ni mjukuu wa bibi wa Pangani aliyekufa na kijaluba chake cha tambuu chini ya mto wa kulalia. Nilikuwa mtoto wa kutumwa popoo dukani, na ndiye niliyekuwa nikizikata kwa mkasi meno yalipomwishia. Nikanyoosha mkono. Dada akaniambia kwa sauti ya chini nisijiaibishe, tumetoka mbali. Yule bibi akanipa lile lake alilokwisha kulikunja.

Mambo mawili niliyagundua haraka. La kwanza, popoo za kwao hazikaushwi kama zetu. Huachwa na maganda mpaka zichachuke, na harufu yake ingemtoa Bibi barazani. La pili, inapasha moto. Nilikuwa natetemeka kwa baridi na koti mbili, baada ya dakika tano masikio yanawaka na jasho linanitoka. Umati mdogo ulikuwa umekusanyika kuangalia mweusi atafanyaje. Nilipotema pembeni, mate mekundu sawasawa, walipiga makofi. Kijana wetu akaingiza mkono kwenye ule mfuko wa kifua akatoa tambuu yake iliyofungwa kwenye karatasi. Kumbe siku zote tulizozunguka alikuwa anajificha nayo, kazini wameambiwa watalii wanaichukia.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, yeye akitafsiri. Bibi anataka kujua nani alitufundisha. Nikamwambia sisi wa pwani tunayo tangu mababu, inakuja na bahari. Ibn Battuta aliposhuka Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa sahani ya tambuu na popoo kabla hata ya chakula. Akauliza bahari iko mbali kiasi gani na hapa. Nikasema mbali. Akasema hata huku haioti, jani na popoo hupandishwa kutoka kusini kwenye joto na Assam, na wao ndio wanaoitafuna kuliko hao wanaoilima. Kisha akasimulia kisa chao: kwamba zamani watu wa milima hii walikula watu, mpaka Guru Rinpoche, aliyeleta dini, akawapa tambuu watafune badala ya nyama, ndiyo maana mate ni mekundu. Dada aliposikia akasogea kwenye gari.

Mimi nilikuwa nawaza kwetu. Siku hizi Tanga tambuu utaiona harusini, kwa wazee wachache, na kwa mzee mmoja sokoni. Vijana wanatafuna kuberi, tumbaku ya pakiti, wanatema popote, hakuna anayemkaribisha mtu kwa kuberi. Daktari atasema vyote viwili vinaleta saratani ya kinywa, na ni kweli, Bibi mwenyewe hakumaliza vizuri. Sisifu tumbaku. Ninachokisema ni kwamba kijaluba kilikuwa kikizunguka baraza nzima, na aliyegombana na jirani, siku akipokea tambuu yake, ugomvi umekwisha.

Jioni kijana wa filimbi alipuliza ya mwisho na katapila likazimwa. Hakuna kupita leo. Hoteli ya Paro imekwisha kulipiwa, na ada ya usiku imekwisha kulipiwa, na sisi tuko barabarani Nobding. Yule bibi akasema na kijana, na kijana akatuambia binti yake anakaa hapo juu, twende.

Nyumba za kule, chini huwekwa mali ya shamba, unapanda ngazi ya mwinuko, na chumba kizuri kuliko vyote ni cha ibada. Mgeni hulazwa humo. Tulionyeshwa mlango: masanamu, vikombe vya maji vimepangwa, taa ya siagi inawaka. Mimi na dada tukatazamana. Dada, ambaye kutwa nzima alikuwa amenuna, ndiye aliyeeleza kwa upole mkubwa kwamba sisi tunasali kivyetu, na hatutaki kuisumbua ibada ya mwenye nyumba, tutalala jikoni penye joto. Hawakuudhika. Wakatandika kando ya jiko. Kijana akatafuta kibla kwenye simu yake, magharibi, ambako ni ukutani penye picha ya mfalme na malkia. Mwenye nyumba akaiondoa picha bila kuombwa, akaihamishia juu ya kabati, na tulipomaliza akairudisha. Chakula kilikuwa ema datshi, na bibi alinichagulia pilipili moja moja akizitoa kwenye bakuli langu.

Asubuhi hawakutaka hela. Kijana alitushauri tuache kitu kwa ajili ya watoto, tukaacha. Dada aliacha zaidi yangu na akanikataza nisimseme.

Barabara ilifunguliwa adhuhuri. Paro tulifika alasiri imekwisha ingia, na kesho yake alfajiri ni ndege. Kupanda Taktsang na kushuka ni saa nne mpaka tano kwa magoti ya kawaida, farasi wanakufikisha nusu tu, kwenye mgahawa. Kwa hiyo tuliegesha chini na kuinua shingo. Nyumba ilijengwa 1692, ikaungua 1998, ikajengwa upya, iko mita 3,120. Kwa tulipokuwa, ni doa jeupe kwenye jabali jeusi. Dada alipiga picha, akaikuza kwenye simu, ikawa doa kubwa zaidi.

Alipofika Maskati aliandika kudai fidia ya usiku wa Paro, siku ya Taktsang na makorongo. Wakala alijibu kwa heshima zote: ada ni ya serikali, chumba ni cha hoteli, maporomoko ni ya Mungu, na makorongo hawana mkataba na mtu. Dada akaandika tena kuuliza basi wao cha kwao ni kipi, ili tujue tulilipia nini. Wametupa punguzo la safari ijayo, lazima tulitumie ndani ya mwaka mmoja, na ada ya dola mia haimo.