Mradi wa L: namba moja ya D na namba moja ya L si kitu kimoja

Mkono wa gia wa gari langu una P, R, N, D, 2 na L, na pembeni kuna kitufe cha O/D (overdrive), kinachoruhusu au kuzuia gia ya nne. Kwa wengi wetu tunaoendesha otomatiki, safari nzima huishia kwenye D, na hizo mbili za chini hukaa bila kuguswa mwaka hadi mwaka. Mradi huu ni wa kuzijua hizo mbili, hasa L: kwa hesabu, kwa kutazama chuma chenyewe, kisha kwa kupima barabarani.

Swali nililoanza nalo ni hili. Nikiwa kwenye D na mwendo ukawa mdogo, giaboksi yenyewe huingia namba moja. Nikivuta mkono hadi L, inaingia namba moja vilevile. Meno ni yaleyale na uwiano ni uleule. Kwa nini basi gari linashuka mteremko kwa tabia mbili tofauti kabisa?

Hesabu kabla ya barabara

Giaboksi yangu ni A340E ya gia nne, ambayo Toyota iliifunga kwenye magari yake mengi yenye injini iliyolala kwa urefu. Uwiano wake ni 2.804 kwa gia ya kwanza, 1.531 ya pili, 1.000 ya tatu na 0.705 ya nne. Difu yangu, yaani gia za mwisho kabla ya magurudumu, ina uwiano wa 4.1. Matairi ni 195/65 R15, na kila yanapozunguka mara moja gari husogea karibu mita 2.

Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, tairi huzunguka takribani mara 335 kwa dakika. Ukizidisha kwa difu, kisha kwa uwiano wa gia, unapata mizunguko ya injini: karibu 970 kwenye gia ya nne, 1,370 kwenye ya tatu, 2,100 kwenye ya pili na 3,850 kwenye ya kwanza. Gari ni lilelile na mwendo ni uleule, ila injini inazunguka mara nne zaidi ukiwa namba moja kuliko ukiwa namba nne.

Namba hizi nimeziandika kwa kalamu nyekundu kwa sababu zinaonyesha pia mwisho wa L. Kwa kilomita 60 namba moja inadai mizunguko karibu 5,800. Kwa kilomita 80 inadai 7,700, ambayo injini nyingi za kawaida haziwezi kuistahimili. Giaboksi zinazoongozwa na kompyuta hukataa amri ya namna hiyo, au hushuka gia moja moja mpaka mwendo uruhusu, lakini mimi sitaki kuiachia kompyuta kazi ninayoweza kuifanya kwa mguu. L ni ya mwendo mdogo. Unapunguza kwanza, ndipo unavuta.

Kwenye meza ya fundi

Hapa ndipo jibu lilipotoka. Fundi ninayemtegemea alikuwa ameshusha A340E iliyokufa, akaniita niione kabla hajachambua vipuri vinavyofaa.

Ndani ya otomatiki gia haziingii na kutoka kama za manyuali. Zinashikana muda wote, katika mafungu yanayoitwa gia za sayari. Katikati kuna gia jua. Kuizunguka kuna gia sayari ndogo ndogo zilizokaa kwenye kibebeo kimoja. Nje kuna gia pete, yenye meno kwa ndani. Ukikizuia kimoja kati ya vitatu hivi na kuingiza nguvu kwenye kingine, cha tatu hutoa uwiano mpya. Kwa hiyo kila gia ni uamuzi wa nani ashikwe na nani aachiwe, na wanaoshika ni klachi na breki za ndani, ambazo nyingi hubanwa na presha ya oili.

Kwa namba moja, kinachotakiwa kushikwa ni kibebeo cha sayari za nyuma. Giaboksi hii ina vitu viwili vya kukishika. Kimoja ni klachi ya upande mmoja, iliyoandikwa F2 kwenye michoro. Kingine ni breki B3, fungu la sahani linalobanwa na oili.

"Zungusha huku," fundi aliniambia. Kibebeo kikazunguka laini, bila ubishi wowote. "Haya, sasa kirudishe kule, mdogo wangu." Kikagoma papo hapo, kama kimeungwa kwa welding. Nilirudia tena na tena, kwa kuwa swali langu lote lilikuwa ndani ya mikono yangu.

Unapokanyaga mafuta, nguvu ya injini inajaribu kukisukuma kibebeo upande ule kinaogoma. Klachi ya upande mmoja inakishika na gari linakwenda. Ukiachia mafuta mteremkoni, magurudumu ndiyo yanataka kusukuma injini. Msukumo unageuka, na kibebeo kinaelekea upande ule laini. F2 inaachia. Injini inarudi kwenye sailensi yake, yaani mzunguko wa chini bila mafuta kukanyagwa, na gari linaserereka karibu kama liko nyutro. Hiyo ndiyo namba moja ya D.

Ukiweka L, oili inapelekwa pia B3. Breki hii haijali upande: inakibana kibebeo kisiende mbele wala nyuma. Sasa magurudumu yakitaka kuzunguka ni lazima yaizungushe na injini, kwa uwiano wote wa 2.804 mara 4.1. Hiyo ni namba moja ya L. Meno hayajabadilika, kilichobadilika ni kwamba njia ya nguvu sasa inapitika pande zote mbili.

Namba mbili nayo ina mpango kama huo. Kwenye D inashikwa kwa kupitia klachi nyingine ya upande mmoja, F1. Ukiweka mkono kwenye 2, inaongezwa breki B1 inayozuia pande zote.

Nilimuuliza fundi kwa nini waliotengeneza wasibane moja kwa moja tangu kwenye D. Jibu ni kwamba klachi ya upande mmoja hufanya gari litoke namba moja kwenda mbili kwa ulaini, kwa sababu namba mbili ikishika tu, yenyewe inaachia. Hakuna haja ya kulinganisha sekunde ya kuachia hii na kubana ile. Kwa mwendo wa mjini huo ni uamuzi mzuri, nami siulaumu.

Kuna faida ya ziada niliyoondoka nayo. B3 hutumika pia kwenye rivasi. Gari la aina hii likikataa kurudi nyuma, na kwenye L likawa halizuii mteremkoni, huku mbele kwenye D linakwenda vizuri, fundi mwenye akili anaanza kushuku B3 kabla ya kufungua chochote.

Mteremkoni

Vifaa ni viwili: kisomaji kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kutuma data kwenye simu, pamoja na kipimajoto cha infraredi. Simu ilishikwa na aliyekaa kiti cha abiria. Barabara ilikuwa mteremko mrefu, mkavu, na nilichagua saa ambazo haina magari mengi.

Kwa D, kompyuta ilipoona mguu haupo kwenye mafuta ilipandisha gia hadi ya nne. Injini ilikaa chini kabisa na gari likaendelea kuongeza kasi, ikawa kazi ni ya breki peke yake. Kuzima O/D kulibakisha gia ya tatu. Unafuu upo, ila mdogo. Kwenye 2 ndipo mambo yalipotulia: mizunguko ilisimama karibu na 2,100 niliyoikokotoa, na gari likashikilia mwendo wake huku breki nikiigusa kwenye kona tu. L ilivuta zaidi, sauti ikapanda, na mwendo ukashuka wenyewe. Kwa mteremko wangu 2 inatosha. L ninaihifadhi kwa kipande kikali cha mwisho, ambako hata kilomita 20 kwa saa ni nyingi.

Kipimo kilichonifurahisha zaidi ni cha mafuta. Watu wengi huogopa kwamba injini ikilia hivyo inakunywa. Kisomaji kilionyesha hali ya mfumo wa mafuta ikibadilika na kuwa ya kukatwa: mguu ukiwa umetoka kabisa na mizunguko ikiwa juu, kompyuta hufunga injekta, na injini inazungushwa na magurudumu bila kupewa petroli. Anayeshuka kwa nyutro, kinyume chake, anachoma mafuta ili injini isizime, na hana chochote cha kumshikilia isipokuwa breki. Ninaomba kila anayeshuka kwa nyutro akidhani anaokoa mafuta alione hilo kwa macho yake.

Na kinachoizuia injini si kimoja. Kwenye injini ya petroli throto, yaani mlango wa hewa, imefungwa, kwa hiyo pistoni zinavuta hewa kupitia upenyo mdogo na kufanya kazi dhidi ya ombwe. Juu yake kuna msuguano wa pistoni, beringi, pampu za oili na maji. Vyote hivyo hukua mizunguko inapopanda, ndiyo maana gia nzito (ya namba ndogo) inazuia na gia nyepesi haizuii. Dizeli nyingi za zamani hazina throto, hivyo zuio lake kwa kufunga mafuta pekee ni dogo. Malori huongezewa breki ya ekzosi kwa sababu hiyo.

Tofauti ya joto kwenye diski za mbele haikuhitaji kipimajoto. Baada ya kushuka kwa D, harufu ya pedi ilitangulia mlango kufunguka. Baada ya kushuka kwa 2, hakuna harufu, na kipimajoto kilikubali. Nilikaa nikaikokotoa nguvu yenyewe: gari la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 300 linatoa nishati ya takribani megajuli 4.4, ambayo ingechemsha zaidi ya lita 13 za maji ya kawaida. Sehemu huliwa na upepo na matairi, na iliyobaki lazima iende mahali. Isipokwenda kwenye injini, ambayo ina rejeta na feni kwa kazi hiyo, inakwenda kwenye diski, pedi na mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Kwa hiyo niliyabadilisha mafuta ya breki kabla ya kuendelea na vipimo.

Jambo moja la kukumbuka kwa ajili ya aliye nyuma yako: gari likizuiwa na injini, taa za breki haziwaki. Ninapoingia 2 na kuna gari karibu nyuma, ninagusa pedali kidogo ajue napunguza.

Kupanda, na utelezi

Huku L ndiko inakosifiwa zaidi, lakini nimekuta machache mapya. Konvata, kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi, yenyewe hukuza nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili gari linapoanza kutoka, kisha namba moja inaikuza tena, na D ingechagua namba moja hiyohiyo bila kuombwa. Faida ya 2 au ya kuzima O/D mlimani ni kuzuia giaboksi isihangaike kupanda na kushuka gia kila nusu dakika. Kila ikihangaika, klachi inayoifunga konvata inaachia, oili inasuguana humo ndani na joto linapanda. Na joto ndilo linalozeesha oili ya giaboksi na kuunguza sahani.

Kwenye matope na utelezi sipendi L. Nguvu nyingi kwenye gurudumu lisilo na mshiko huliacha lizunguke pale pale. Baadhi ya magari yana kitufe cha kuanzia namba mbili kwa ajili hiyo. Na kushuka kwenye utelezi kwa L nako kuna hatari yake: zuio la injini linafika kwenye magurudumu yanayosukuma tu, na kwa gari linalosukumwa na ya nyuma linaweza kuyaburuza hadi mkia ukatoka.

Nimeulizwa pia kama L ni sawa na 4L ya magari ya milimani. Hapana. 4L ni fungu jingine la gia nje ya giaboksi kuu, nalo linazidisha kila gia uliyo nayo. Gari linaweza kuwa 4L na bado likawa kwenye D.

Mradi ulipo sasa

Kwa A340E swali limejibiwa. Nimeanza kulinganisha na aina nyingine. CVT, giaboksi ya mkanda na pulei, haina namba moja ya kushikwa. L yake huifanya kompyuta iweke mkanda kwenye pulei kwa uwiano mzito na kuubakiza hapo. Prius, gari la petroli na umeme, ina B, ambayo huzungusha injini ili isaidie kuzuia, kwa kuwa kwenye mteremko mrefu betri huweza kujaa na isipokee chaji zaidi. Giaboksi mpya za gia nane kama ZF 8HP zina gia ya kwanza ya karibu 4.7 au zaidi, nzito kuliko yangu kwa mbali, na dereva huchagua gia mwenyewe kwa M.

Kazi iliyo mezani ni kufunga kipimajoto kwenye bomba la oili linalotoka giaboksi kwenda rejeta, nipande mlima uleule kwa D kisha kwa 2, nione joto linatofautianaje. Viungio nimeshapata, nasubiri kubadilisha oili ili nifungue bomba mara moja tu.