Siku yangu na chaki sakafuni

Saa kumi na moja alfajiri. Jogoo Road, Nairobi, ina giza bado, makanga ndio kwanza wanaanza kuita abiria. Nakimbia na vijana wanne ninaowafunza ndondi hadi Muthurwa, tunageuka. Hapo hakuna cha kusimulia ila mbwa mmoja anayetuchukia.

Saa mbili. Mteja wangu wa Buruburu ni mhasibu mfupi, kifua kama pipa. Anataka kusimama wima, mikono chini, kama Muhammad Ali. Nikamwambia, "Bosi, Ali alikuwa na miguu ya kumwondoa ngumi ikija. Wewe una magoti ya kiti cha ofisi." Nikamkunja kidogo: kidevu nyuma ya glavu, viwiko vibane mbavu, kichwa kisitulie. Mike Tyson alifunzwa hivyo na kocha wake, Cus D'Amato. Katika uzani wa hevi alikuwa na sentimita 178 tu, ikabidi apite chini ya mikono ya watu ndipo apige.

Mchana kutwa nilishona begi lililopasuka.

Saa kumi, ukumbini Kaloleni. Kuna kijana mrefu kama mlingoti, kilo 66, anayeingia kwenye uzani uleule wa welta ambao Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Amemtazama Tyson kwenye simu hadi amejikunja kama yeye. "Kocha, hii ndiyo inaua."

Nikachora kwa chaki: mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma kwa mshazari, upana wa mabega, kisigino cha nyuma juu kidogo. Miguu ikikaa mstari mmoja, ukisukumwa tu unaanguka. Ikiwa sambamba, kifua chote kiko wazi. "Mikono yako ni mkuki," nikamwambia. "Unaingia chumbani kupigana kwa kisu kwa nini?" Raundi ya kwanza nilimwacha na mkunjo wake, akala ngumi za kutosha. Ya pili akasimama wima, mkono wa kushoto ukitangulia, na mwenzake, mfupi kumliko, hakumfikia hata mara tatu. Alinuna vilevile. Akaniuliza kuhusu Thomas Hearns, yule bondia mrefu aliyeushusha mkono wa mbele hadi kiunoni. Nikamwambia asubiri, mkono wa chini unataka macho ya mwewe.

Saa kumi na mbili. Hapa nina kosa langu. Kuna msichana mwenye mashoto ambaye kwa miezi miwili nimemsimamisha kama wa mkono wa kulia, kwa sababu mimi pia ni mashoto na ndivyo nilivyolazimishwa utotoni. Wako mashoto wanaopenda hivyo, mkono wenye nguvu ukae mbele. Yeye sivyo, ngumi zake zilikuwa zinakufa njiani.

Leo nikamgeuza. Mguu wa kulia mbele, na ukanyage nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani. Mwanzoni walikanyagana vidole kama watu kwenye harusi yenye ukumbi mdogo. Halafu ngumi yake ya kushoto ikapenya katikati ya glavu za mwenzake, na huyo mwenzake akaketi chini akicheka.

"Kocha, mbona hukuniambia mapema?" msichana akaniuliza.

Nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.