Siku Moja na Ruhusa za Kuzima Kompyuta ya Linux

Saa mbili asubuhi ninaanza na menyu za kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa, wengine wakiketi mbele yake na wengine wakiingia kupitia mtandao. Kwa kawaida programu iliyomo kwenye menyu ina faili ya .desktop, inayoeleza jina lake na jinsi ya kuifungua, katika /usr/share/applications. Ile nisiyotaka ionekane naitolea nakala katika /usr/local/share/applications na kuiongezea mstari NoDisplay=true, unaoificha kwenye menyu. Siigusi ya asili, kwa sababu faili ya asili huandikwa upya programu inaposasishwa.

Saa nne nafika kwenye kazi yenye uzito. Kukificha kitufe cha kuzima hakumwondolei mtu ruhusa, kwani yeyote mwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, anaweza kuandika amri ya kuzima, systemctl poweroff. Anayeamua ni polkit, huduma ya kutoa au kukataa ruhusa, ambayo huulizwa na logind, huduma inayosimamia walioingia, kila mtumiaji wa kawaida anapoomba kuzima. Kwa kawaida aliyeketi mbele ya kompyuta huruhusiwa bila nenosiri akiwa peke yake. Wakiwepo wengine walioingia, huenda akadaiwa nenosiri la msimamizi, kulingana na mfumo. Utaratibu huo ni mzuri, lakini haunitoshi, maana kazi za usiku za kuhifadhi nakala za data hazihesabiwi kuwa ni mtu aliyeingia, na kuzikatiza katikati ni hasara kubwa.

Kwa hiyo naandika kanuni katika /etc/polkit-1/rules.d/10-kuzima.rules: asiyekuwa katika kundi la wasimamizi anajibiwa polkit.Result.NO, yaani hapana. Naitaja org.freedesktop.login1.power-off, jina la kitendo cha kuzima, pamoja na power-off-multiple-sessions, cha kuzima wakiwepo wengine, kisha jozi kama hiyo ya reboot, kwa sababu kuwasha upya hukatiza kazi vilevile. Faili hizi husomwa kwa mpangilio wa majina, na jibu la kwanza ndilo linaloshika. Ndiyo maana jina linaanza na 10.

Saa saba naingia kwa akaunti ya kawaida. Kitufe kimefifia chenyewe, kwa kuwa menyu imeiuliza logind na kujibiwa hapana, na amri ya terminali nayo inakataliwa.

Saa tisa nashughulikia kitufe cha umeme kwenye kasha. Kwa kawaida hiki hushughulikiwa na logind bila kuiuliza polkit, hivyo naweka HandlePowerKey=ignore katika /etc/systemd/logind.conf. Mtu akikishikilia kwa sekunde kadhaa bado atakata umeme, na hapo hakuna mpangilio wa programu utakaomzuia.

Saa kumi na moja jioni namwonyesha msimamizi wa zamu ya usiku amri ya loginctl list-sessions, ili awaone walioingia kabla ya kuzima, pamoja na ratiba ya kazi ambazo orodha hiyo haizionyeshi.