Giza la Isyonje

Mwaka niliouza Fuso nilikuwa na miaka 38, na tangu darasa la watoto kanisani sikuwahi kukosa la kumwambia Mungu. Mwaka ule nilikosa.

Nilikuwa nabeba viazi vya Isyonje, huku kwetu mkoani Mbeya, kupeleka Dar es Salaam. Mvua za Machi zilitukwamisha siku 4 njia ya shamba, mzigo uko juu ya gari, lumbesa zikaanza kuchuruzika. Tulipofika sokoni dalali alibonyeza gunia kwa kidole gumba, akajifuta kwenye suruali, akaondoka bila kutaja bei. Nikaziba pengo kwa kausha damu, mkopo wa riba kali. Aliyewahi kuuonja mkopo huo hahitaji maelezo. Mwezi wa sita gari likaenda. Mwezi wa nane mdogo wangu, aliyekuwa utingo wangu, akaugua siku 5 tu, akafariki.

Msiba wa Wanyakyusa haukosi watu, ndiyo maana sikushtuka mapema. Nilishtuka matanga yalipoisha na maturubai yakakunjwa. Ibadani kwaya inaimba, wenzangu wanafuta machozi, mimi naangalia saa. Nikaenda mkesha wa maombi huko mjini Mbeya, nikawekewa mikono, nikaanguka. Nilianguka kwa heshima tu, maana yule wa kunidaka alikuwa ameshajiweka tayari nyuma yangu, nikaona aibu kumwangusha yeye. Alfajiri nikarudi nyumbani vilevile, ila na usingizi.

Mtumishi mmoja aliniambia kwamba Mlima Rungwe hauondoki eti kwa sababu ukungu umeufunika. Sikubisha. Lakini dereva akiwa kwenye ukungu hasaidiwi na kujua kwamba mlima upo. Anataka kuona mita tatu za mbele yake.

Mita tatu zangu zilikuja na beseni la ndizi. Tuna jirani, bibi mjane, umri wa mama yangu. Jioni moja alikuja na ndizi zake mbichi na kisu, akaketi barazani kwangu bila kukaribishwa, akapaka mafuta viganjani ili utomvu usimgande, akaanza kumenya. Hakunipa pole. Alimaliza, akasema "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaenda zake. Kesho yake tena. Wiki ya tatu, bila kuinua macho kwenye kisu, akauliza:

"Unasali, mwanangu?"

"Siwezi, bibi."

"Basi mwambie hivyo. Kwamba huwezi."

Halafu akaniambia nisome Zaburi ya 88, kwa sauti, hata kama sina moyo. Yeye aliisoma mwaka mzima alipofiwa. Niliitafuta usiku ule. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki. Inaishia gizani, basi. Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu. Kumbe ndani ya Biblia hiyohiyo niliyoiona kama inanidai furaha, mtu aliruhusiwa kulia hadi mstari wa mwisho, na hakuna aliyeikata zaburi yake wala kuiongezea "lakini". Nikaisoma kila usiku, mke wangu akiitikia kwa kukohoa tu.

Kingine kilichonishika ni Neno la Siku, kitabu cha aya za Biblia za kila siku. Sisi Wamoravian tumelizoea mno, Kanisa lenyewe liko Rungwe tangu 1891, na kitabu kile asili yake ni Herrnhut, Ujerumani, kikaanza kutoka kwa chapa mwaka 1731. Aya ya Agano la Kale ya kila siku hupatikana kwa kupiga kura. Zamani jambo hilo sikulijali, ila kipindi kile lilinipumzisha: hakuna mtu aliyekaa akachagua aya ya kunikomesha. Nilikuwa naisoma nimesimama, chai mkononi, naenda kulima vibarua. Siku nyingi haikunigusa. Niliisoma tu.

Niseme na hili, maana wapo wanaolificha: nilikwenda pia hospitali. Miezi miwili nilikuwa silali zaidi ya saa tatu kwa usiku. Daktari alinisikiliza, akanipa dawa, akanipangia siku ya kurudi. Sikuona kama nimemwacha Mungu mlangoni.

Mwezi wa pili, mwaka uliofuata, nikisoma Kutoka sura ya 20, nikakuta pale watu wanasimama mbali, na Musa analikaribia giza kuu, Mungu alimokuwamo. Nilirudia. Miezi yote ile nilikuwa nalihesabu giza kuwa ushahidi kwamba hayupo. Sikulia, wala mwili haukusisimka. Nilimwita mke wangu jikoni, nikamsomea, akasema, "Soma tena," nikasoma.

Sasa naendesha gari la mtu. Marejesho yamebaki kidogo. Juzi usiku pale Isyonje ukungu ulishuka hadi kwenye kioo. Taa kubwa ukiwasha unaona ukuta mweupe tu. Siku za nyuma, hali ikiwa hivyo, mdogo wangu alikuwa anashuka na tochi na kutembea mbele ya gari. Mwenyewe nilikuwa simwoni, naona tochi inayumba tu. Utingo wa sasa ni kijana wa Makete, hajamaliza hata miezi mitatu kazini. Alifungua mlango kabla sijamwambia, akatoweka, kisha mwanga ukawaka mbele.

"Kaka, njoo," nikasikia.

Nikaweka gia namba moja.